AIBU YA MOTOKAA NA AIBU YA MTU

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baada ya haya, ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya neno moja tunalolitamka kila siku bila ya kulifikiri. Neno lenyewe ni "aibu". Sisi tukisema aibu huwa tunakusudia fedheha, lile jambo linalomfanya mtu ainamishe kichwa mbele ya wenzake. Lakini neno hili limetujia kutoka Kiarabu, na katika vitabu vya fiqhi, katika mlango wa kuuza na kununua, lina maana nyengine. Humo aibu ni ila iliyomo katika kitu kinachouzwa, ile kasoro inayopunguza thamani yake au inayomkosesha mnunuzi lile alilolikusudia. Mbuzi mwenye chongo ana aibu. Kitambaa kilicholiwa na nondo kina aibu. Na motokaa ambayo injini yake huchemka kila ipandapo mlima ina aibu.

Sasa swali ni hili: aibu hizi mbili zakutana wapi? Ni lini ila ya chombo hugeuka ikawa fedheha ya mwenye chombo? Swali hili sikulitafuta mimi. Lililetwa barazani kwangu na watu wawili waliokuwa hawaamkiani tena, na kwa kuwa naona mambo kama yale yamezidi katika miji yetu, nimeona niwaandikie yaliyopita, ili kila mmoja wetu ajipime. Majina nayaacha, kwani kumsitiri Muislamu ni wajibu.

KISA CHENYEWE

Kijana mmoja wa hapa Mombasa, mshoni kwa kazi yake, aliona cherehani haimlishi yeye na aila yake, akaazimu kununua motokaa ya kubebea abiria. Mama yake akavua vikuku vyake vya dhahabu, vikauzwa; shemeji yake akamkopesha sehemu; zikapatikana shilingi 500,000. Akaenda kwa mtu mwenye yadi ya magari, Muislamu mwenziwe wa mtaa mmoja, ambaye husali naye safu moja siku ya Ijumaa. Wakaafikiana bei ya shilingi 780,000. Hizo 500,000 azitoe papo hapo, na 280,000 zilizobaki azilipe kwa miezi 10, kila mwezi 28,000, bila ya ziada hata senti moja. Mpaka hapo, ndugu msomaji, huyo mwenye yadi alifanya jambo jema la kushukuriwa, kwani wangapi leo hukopesha bila ya riba?

Siku ya 9 kijana alipakia abiria kwenda Mariakani. Alipofika kwenye mwinuko wa Mazeras, mshale wa joto ukapanda mpaka mwisho, maji yakafoka, na abiria wakashuka njiani. Akaivuta motokaa mpaka kwa fundi. Fundi alipofungua rejeta akakuta masalio ya ile dawa inayomiminwa kuzibia nyufa. Akamwambia: "Ndugu yangu, injini hii ilikwisha kuchemka zamani, na hedi yake ina ufa. Aliyeishika kabla yangu ameiziba, hakuitengeneza."

Kijana akaenda yadi na hasira zake. Mbele ya wateja akamwita mwenye yadi mwizi, akamtukana na wazee wake. Mwenye yadi naye akamtolea karatasi yenye sahihi yake, imeandikwa kuwa gari limeuzwa kama lilivyo. Wakaachana hapo.

Je, kijana aliiweka ile motokaa? La, hakuiweka. Malipo ya mwezi yalikuwa karibu, akaendelea kubeba abiria muda wa wiki 3, akiwa na dumu la maji nyuma ya kiti, anaongeza kila isimamapo. Katika siku hizo alirudi nyuma vibaya pale soko la Kongowea, akagonga ukuta, bodi ikabonyea. Akalipa zile 28,000 za mwezi wa kwanza. Kisha akampata mtu wa Malindi anayetafuta motokaa, wakazungumza, bei ikafika shilingi 700,000. Usiku wa kuamkia siku ya mtu huyo kuja kuichukua, kijana akaja kwangu baada ya sala ya Ishaa, akakaa, akaniuliza:

"Maalim, mimi nimeuziwa hivi. Nami nikiuza hivi hivi, nina dhambi gani? Si dhambi ni ya yule wa kwanza?"

Hilo ndilo swali lililonifanya nisilale.

MVUA HAIKUWA KOSA LA MUUZAJI

Nilimkumbusha kisa ambacho watoto wa chuoni wanakijua. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akakuta chungu ya nafaka inauzwa. Akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikapata umaji. Akamuuliza mwenye nafaka kulikoni. Yule mtu akajibu kuwa ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo katika sisi. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Tuizingatie vyema. Yule mtu alisema kweli. Mvua ilinyesha, wala yeye hakuiita. Mtume hakumlaumu kwa mvua, wala hakumlaumu kwa kuwa na nafaka iliyorowa, wala hakumkataza kuiuza. Alimlaumu kwa jambo moja tu, nalo ni mahali alipoiweka. Ilipokuwa chini, imefunikwa na kavu, pale ndipo aibu ya nafaka ilipokuwa aibu ya mtu.

Basi jibu la swali letu la kwanza ni hili. Kitu kuwa na ila si fedheha ya mtu. Vitu vyote vya dunia vina ila, na motokaa iliyokwisha tumiwa na watu kwa miaka haiwezi kukosa. Fedheha huanza pale mtu ajuapo na akafunika. Na kufunika si lazima kuwe kwa kusema uwongo. Yule wa Madina hakutamka kwamba nafaka yote ni kavu. Alinyamaza tu, na nafaka kavu iliyo juu ikasema kwa niaba yake. Vivyo hivyo rangi mpya husema, na viti vilivyooshwa husema, na injini iliyopigwa sabuni mpaka ikang'ara husema. Mtu akiviacha vitu hivyo viseme uwongo, na yeye amekaa kimya, hawezi kudai kuwa hakusema kitu.

Wala jukumu hili si la muuzaji peke yake. Wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba hata mtu mwengine aliyeijua aibu, naye imemlazimu kumwambia mnunuzi. Dalali na fundi waisikie hii! Yule fundi aliyemimina dawa ya kuziba, na yule dalali aliyeketi karibu na mnunuzi akimwambia "hii haina shida", wote wamo.

Kwa hivyo nikamwambia kijana: "Mwanangu, yule mtu wa Malindi hakukudhulumu. Ukimuuzia kwa kunyamaza hutakuwa umeirudisha haki yako, utakuwa umechukua haki ya mtu asiyehusika. Nawe kesho huwezi tena kumlaumu mwenye yadi, kwani mtakuwa kazi yenu moja."

Akainama. Kisha akasema, "Na vikuku vya mama, maalim?"

Nikamwambia, "Kwanza mpigie simu mtu wa Malindi. Ya vikuku tutayatafutia njia."

Alimpigia simu pale pale mbele yangu, akamweleza ila yote. Yule mtu alimshukuru, na hakuinunua.

AIBU YANGU MIMI

Hapa, ndugu msomaji, sina budi kuitaja na aibu yangu. Kijana aliponitajia jina la mwenye yadi, niliona uzito. Mtu huyo ndiye aliyetupa mabati ya kuezekea chuo chetu. Lililonijia moyoni kwanza halikuwa haki ya kijana, yalikuwa yale mabati. Nikajisemea kuwa pengine ni bora nimpeleke kwa sheikh mwengine.

Lakini nilijiuliza: ikiwa nawafundisha watu wataje aibu za magari yao, mimi nitaificha yangu? Basi nikamwambia kijana wazi kwamba mtu yule ametusaidia, na kwamba akitaka msuluhishi mwengine ana haki hiyo. Akasema ameridhika nami. Na mwenye yadi nilipomwita nikamwambia vivyo hivyo, kwamba mabati yake yako kwa Mwenyezi Mungu na ujira wake uko huko, wala hayataingia katika maneno haya.

Nimeyataja haya kwa kuwa wengi wetu huitwa kusuluhisha. Msuluhishi mwenye upande anaouficha naye anauza kitu chenye aibu.

KARATASI YA "KAMA LILIVYO"

Tulikutana barazani, kila mmoja na mzee wake. Nikaweka sharti moja kabla ya lolote, kwamba kila mtu aseme aibu anayoijua katika upande wake mwenyewe, na asiutaje upande wa mwenziwe mpaka amalize wake.

Kijana akaanza. Akakiri kwamba baada ya kuijua ila aliendelea kuitumia motokaa wiki 3. Akakiri kuigonga. Akakiri kumtukana mwenzake mbele ya watu. Na akakiri, bila ya kuulizwa, jambo la mtu wa Malindi.

Mwenye yadi alipofikiwa na zamu akaitandaza ile karatasi. "Maalim," akasema, "mimi niliandika. Gari limeuzwa kama lilivyo. Naye alisoma na akatia sahihi."

Karatasi hii, ndugu msomaji, ndiyo kinga ya wauzaji wengi siku hizi, basi inafaa tujue hukumu yake. Katika kauli yenye nguvu ya madhehebu yetu, muuzaji akiweka sharti kwamba hana jukumu la aibu yoyote, sharti hilo humfaa katika jambo moja tu: aibu ya ndani iliyomo katika mnyama, tena ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Sababu ni kuwa mnyama ana uhai, huweza kula na kunenepa na huku maradhi yamejificha ndani yake. Ama aibu aliyoijua muuzaji, au aibu ya kitu kisicho na roho, sharti halimwokoi. Na motokaa si mnyama.

Nikamsimulia kisa alichokipokea Imam Malik katika kitabu chake cha Muwatta. Abdallah bin Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, alimuuza mtumwa kwa dirham 800, kwani zama hizo biashara hiyo ilikuwapo, na akaweka sharti la kutokuwa na jukumu la aibu. Mnunuzi akaja kulalamika kuwa mtumwa yule ana maradhi ambayo hakutajiwa. Wakafika mbele ya Sayyidna Uthman. Naye akamhukumia Ibn Umar aape kwamba alipomuuza hakuyajua maradhi hayo. Ibn Umar akakataa kuapa, akampokea mtumwa wake. Baadae mtumwa akapona, na akauzwa kwa dirham 1,500.

Kisha nikamwambia mwenye yadi: "Mwanangu, mimi si kadhi wala sikuapishi. Nakuuliza tu. Ungeambiwa leo uape kwamba hukuujua ule ufa, ungeapa?"

Akanyamaza kitambo kirefu. Mzee aliyekuja naye akamtazama. Kisha akasema: "Maalim, kuapa siwezi."

Hapo tena ndipo yalipotoka ya kweli. Motokaa ile aliibadilisha na mtu mwengine ambaye hakumwambia ila yake. Yeye aliigundua siku ya 3. Akatia mfukoni mwake shilingi 65,000 kwa fundi, na ufa haukuisha. Akasema, na sauti yake ilibadilika: "Mimi nami niliuziwa hivyo, maalim. Ningesema, nani angeinunua? Ningefunga yadi?"

Mwatambua, ndugu zangu, kwamba swali lake ni lile lile la kijana, neno kwa neno! Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa amedhulumiwa na aliyemtangulia, na kila mmoja akaona kudhulumiwa kwake ni ruhusa.

HASARA HUHAMA, HAIFI

Swali la mwenye yadi si la mchezo, wala si haki tulijibu kwa kumkemea tu. Mtu ana wafanyakazi, ana kodi ya yadi, ana watoto. Jirani zake hawasemi aibu za magari yao. Akisema yeye peke yake, si atakufa njaa?

Jibu ni kwamba hakuna aliyemwambia asiiuze. Tuliwaita mafundi 2 wasiojuana na yeyote katika wale wawili, wakaikadiria. Wakasema motokaa kama hiyo, ikiwa nzima, bei yake ya soko ni shilingi 750,000, na kwa ule ufa wa hedi ni 600,000. Basi mnunuzi yuko! Yuko mtu anayetaka motokaa ya 600,000 yenye ufa anaoujua, ambaye ana fundi wake na ana pa kupata hedi nyengine. Mwenye kusema aibu ya kitu chake hakosi kukiuza. Hukosa ile ziada tu ambayo haikuwa yake.

Ama hasara, ilimfika siku ile alipobadilishana bila ya kukagua. Ilikuwa ni mtihani wake. Kuificha hakukuiua. Kulichofanya ni kuitoa yadini kwake na kuipeleka kwa mwanamke mtu mzima aliyevua vikuku mikononi mwake. Na kutoka hapo ilikuwa karibu kusafiri mpaka Malindi, katika nyumba ya watu ambao hatuwajui hata majina.

Imetajwa katika habari za Imam Abu Hanifa, ambaye alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, kwamba mshirika wake aliuza kitambaa chenye ila akasahau kumwambia mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana alikokwenda. Abu Hanifa akaitoa sadaka thamani yote ya bidhaa ile. Tazama basi: mwenzake alisahau tu, wala hakukusudia. Lakini Imam hakutaka pesa ile ilale nyumbani kwake.

Na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisemezana kweli na wakabainishiana, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganyana, baraka yake hufutwa. Baraka si hesabu ya fedha peke yake. Muulizeni mwenye yadi yule alilalaje usiku baada ya kijana kuondoka na motokaa. Mwenyewe alituambia kuwa kila simu ilipolia alidhani ni yeye.

ALIYEDHULUMIWA NAYE ANA MIPAKA

Msidhani kwamba sheria imempa mnunuzi kila kitu. Sheria yetu ni mizani, ina vitanga viwili.

Mwenye kugundua aibu ya zamani ana khiyari: akitaka hukirudisha kitu na kurudishiwa thamani yake, na akitaka huridhika nacho. Lakini kurudisha huko ni kwa haraka, mara tu anapojua, wala hafai kuendelea kukitumia. Akikitumia bila ya udhuru, huhesabiwa ameridhika. Wanachuoni wa zamani walipiga mfano wa mtu aliyeendelea kumpanda mnyama baada ya kujua aibu yake. Nasi leo mfano wetu ni wiki 3 za abiria. Wapo wanachuoni waliompa udhuru mtu wa kawaida asiyejua kwamba kurudisha ni kwa haraka, kwani jambo hili hufichikana kwa wengi. Na kwa udhuru huo ndio tulimsikiliza kijana, kwa sababu kweli hakujua. Lakini wewe uliyesoma makala haya sasa umejua, na udhuru huo umekutoka!

Tena kitu kikipata aibu mpya mkononi mwa mnunuzi, kama ile bodi iliyobonyea, hana haki ya kumlazimisha muuzaji akipokee. Hapo ndipo huja fidia iitwayo arshi. Nayo haikisiwi kwa hasira, bali ina hesabu yake. Huangaliwa ile aibu ya zamani imepunguza sehemu gani ya thamani ya kitu, kisha muuzaji hurudisha sehemu kama hiyo katika bei waliyouziana. Kutoka 750,000 hata 600,000 pamepungua 150,000, nayo ni sehemu ya tano. Sehemu ya tano ya bei yao ya 780,000 ni shilingi 156,000. Hiyo ndiyo arshi.

Na ulimi nao una mipaka. Kijana alikuwa na haki ya kudai, hakuwa na haki ya kuwatukana wazee wa mtu. Mdai haki anapotukana hufungua deni jipya juu yake, na mara nyengine deni hilo huwa kubwa kuliko anachodai. Hasira hasara.

SULUHU

Wakaafikiana hivi. Deni lililobaki lilikuwa 252,000, ikatolewa arshi 156,000, zikabaki 96,000, ambazo kijana atazilipa kwa miezi ile ile. Bodi iliyobonyea ni juu yake mwenyewe. Na kwa kuwa alitukana mbele ya watu, akaenda yadi asubuhi akaomba radhi mbele ya watu.

Kijana alinunua hedi iliyotumika, fundi wake akaifunga, na motokaa inapanda Mazeras. Vikuku vya mama bado havijarudi. Wale wawili si marafiki, wala sikuwaomba wawe marafiki. Lakini Ijumaa iliyofuata nilisikia salamu ikitolewa na ikijibiwa, nami nikamshukuru Mwenyezi Mungu. Suluhu ni kheri, kama tulivyofundishwa katika Suratun Nisaa, lakini suluhu isiyotanguliwa na ukweli ni ile ile dawa ya kuzibia rejeta.

Na asiyepata suluhu asidhani amefungiwa mlango. Hapa Kenya, Mahakama ya Kadhi kwa katiba ya mwaka 2010 ina mipaka yake: ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu. Kesi ya motokaa haimo. Lakini iko Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Kudai haki yako kwa njia hiyo, kwa ukweli na adabu, si kosa.

NENO KWA KILA MMOJA

Wewe unayenunua: nenda na fundi wako, si wa muuzaji. Iwashe injini ingali baridi. Tazama mafuta ya injini. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ijaribu mlimani, si tambarare tu. Tazama kama uchakavu wa pedeli na kiti wafanana na kilomita zilizoandikwa. Motokaa iliyonunuliwa mnadani Japani huwa na karatasi ya ukaguzi, na humo aibu zake huandikwa. Herufi R kwa kawaida ni alama ya gari lililogongwa likatengenezwa. Ombeni karatasi hiyo. Ni ajabu na masikitiko kwamba aibu iliyoandikwa wazi huko na watu wasiokuwa wa dini yetu hupotea baharini kabla ya kufika kwetu! Kisha andikeni mapatano na mshuhudishe, kwani Qur'ani imetuamrisha hivyo katika mambo ya deni.

Na ukigundua ila, simamisha motokaa siku hiyo hiyo, mpashe muuzaji habari, chukua mzee mmoja mwende naye, na useme kwa sauti ya chini.

Wewe unayeuza: chukua kipande cha karatasi, andika juu yake kila ila unayoijua, ukiweke juu ya kioo cha mbele. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kilichoelezwa aibu yake hakihitaji kutembezwa, kitampata anayekiweza. Na ikiwa ulificha zamani, na mnunuzi wako unamjua, mwendee kabla hajakujia. Ni vyepesi kumtafuta mtu barabarani Mombasa kuliko kutafutwa naye Siku ya Kiyama.

Na wewe uliyedhulumiwa, ambaye chombo kibovu kiko mkononi mwako usiku huu na mnunuzi mwengine atakuja asubuhi, wewe ndiye niliyekukusudia zaidi. Dhuluma imekufikia kwa kupita mikono ya watu, na kila mmoja aliipokea akaisukuma mbele. Hukuchagua kuipokea. Lakini kuisukuma ni hiari yako. Basi iwe imefika kwako, na kwako ikome.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe chumo la halali, ndimi za ukweli, na nyoyo zinazoogopa kufunika kilichorowa kwa kilichokauka. Amin.

Wabillahi tawfiq.